Ukuta wa Mbao katika Pikapu ya Baba

Bado mnaniuliza, kila mmoja kwa namna yake, kwa nini gari la baba lilirudi bila mgongo. Mwenzenu aliyepanda Itumba kuhudhuria msiba wetu aliliona limesimama uani, kiti cha mbele na sehemu ya nyuma vimekuwa chumba kimoja, na mbao zimeegemea ukuta wa jiko. Akaja kuwasimulia wengine, na sasa swali linanifuata hata barabarani. Nimejaribu kulijibu kwa mdomo nikashindwa. Sisi tunaosomeana hadithi zetu kila tukikutana Mbeya tunapenda kujigamba kwamba hakuna jambo lisiloandikika. Basi nimekaa kuliandika hili, nanyi mlisome kimyakimya. Msilisome kwa sauti mbele yangu.

Uani kwetu

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Mbozi. Lilipinduka, likaachwa chakani mpaka kuku wakataga kwenye kiti chake. Baba, aliyejifunza udereva jeshini wakati wa vita, alilipata na kulivuta kwa ng'ombe, kipande kwa kipande cha njia, hadi nyumbani kwetu kwenye milima ya Itumba. Injini ilikuwa hai. Mwili ulikuwa umekufa.

Mwili ule baba aliutengeneza upya kwa mikono yake. Alibomoa bodi yote iliyooza akabaki na chesisi tupu, akaisugua kwa mchanga mpaka chuma kikang'aa. Aliongeza bamba kwenye springi za nyuma, akaziba redieta kwa risasi ya betri kuukuu aliyoiyeyusha jikoni kwa mama, na mama akalalamika wiki nzima kwamba ugali unanuka betri. Sakafu akaiweka ya mninga, mbao alizowaagiza wapasuaji wa porini. Juu ya sehemu ya nyuma hakuweka chuma. Alikata mianzi mibichi, akaikunja juu ya moto ikawa matao, akatandaza turubai. Kwa mbali lilionekana kama nyumba ya bibi yangu iliyoota magurudumu.

"Baba Ambokile," mama alimwambia siku moja, akiwa amesimama na ungo mkononi, "umetengeneza vizuri. Na mke wa mwanao atapanda wapi?"

Baba aliacha kupiga nyundo. Hakuwa amelifikiria.

Wengine wenu si watu wa kwetu, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu Undali, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani. Akisikia baba mkwe anakohoa njiani, huingia majanini na kugeuza uso. Baba naye hukohoa kwa makusudi kila anapokaribia jikoni, ili mkwewe apate nafasi ya kuondoka. Hawali chombo kimoja, hawapitani mlangoni, wala mwanamke hapazi sauti mahali ambapo baba mkwe anaweza kumsikia. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima, na heshima hiyo ina meno: inasemwa kwamba ikivunjwa, ugonjwa hauwaendei waliovunja, bali humwingia mume au mtoto.

Kwa hiyo baba alijenga ukuta. Nyuma ya kiti cha dereva alisimamisha mbao za mninga kutoka sakafuni mpaka darini, tabaka mbili, bila dirisha, na kila ufa akauziba kwa nta ya nyuki. Aling'oa kioo cha kutazamia nyuma, macho yake yasije yakateleza. Upande wa nyuma akatengeneza mlango wenye bawaba na pazia, na ndani yake benchi la ngozi ya ng'ombe lililojazwa majani. Mwisho alitoboa tundu dogo juu kabisa, akapitisha kamba, na mbele, karibu na sikio lake, akaning'iniza kengele ya ng'ombe. Abiria wa nyuma akitaka gari lisimame, avute kamba.

"Sasa Mama Neema atasafiri kama malkia," alisema, akilipiga ukuta kofi kama mtu anayempongeza fahali.

Mama Neema ni shemeji yangu Tupokigwe, mke wa kaka yangu Ambokile. Kaka alikuwa kwenye migodi ya shaba, Rodeshia ya Kaskazini. Alikuwa mrefu kuliko wote kwetu, mrefu hata kitanda cha nyumbani kilimshinda, na barua zake zilijaa utani juu ya dari za mgodini. Gari lilikuwa limepakwa rangi ya kijani na bado linanuka pale mtu mmoja aliyetoka huko alipofika kwetu, akakataa kukaa, akamwambia baba akiwa wima: "Mzee, Ambokile ameteremka kwenye basi Tunduma. Kifua hakimruhusu kukaa. Anaweza kulala tu. Anawaita."

Itumba mpaka Isongole

Hospitali ilikuwa Mbeya, na basi haliwezi kumbeba mtu wa kulala. Pikapu yetu iliweza. Hilo ndilo lililotupa furaha ya ajabu asubuhi ile, furaha ninayoikumbuka kwa aibu: kazi yote ile ya uani ilionekana kama iliandaliwa kwa ajili ya siku hiyo. Tungeteremka hadi Tunduma, tumlaze kaka kwenye godoro, tumfikishe kwa daktari. Mama alibaki na Neema, mtoto wa kaka. Alifunga vifurushi viwili vya ndizi za kuchemsha na maharage katika majani ya mgomba, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, akatupungia mkono mpaka kona ikamficha.

Mimi nilikaa mbele na baba. Shemeji alikuwa peke yake nyuma, na kati yetu ukuta. Sijui kuendesha gari, kwa hiyo kazi yangu katika safari ile ilikuwa moja: kuwa mdomo wa wote wawili.

Kengele ililia kabla hatujamaliza mteremko wa kwanza. Baba alisimamisha gari. Nilishuka, nikazunguka.

"Shemeji, samahani," Tupokigwe alisema kutoka nyuma ya pazia kwa sauti ya chini. "Tumbo linanivuruga. Nataka kushuka."

Nilirudi kwa baba. Baba akashuka, akaenda mbele mpaka akapita kona, akasimama huko ametupa mgongo. Ndipo shemeji akashuka, akaingia majanini, akarudi, akapanda, akafunga pazia, akagonga ubao. Nikakimbia kona kumwita baba. Baba akarudi huku akikohoa. Akazungusha hendeli ya kuwashia injini mpaka jasho likamtoka, injini ikashika, tukaondoka. Jambo ambalo kwa watu wengine ni la kufumba na kufumbua, kwetu lilikula muda wa kuivisha sufuria ya viazi.

Na halikuwa mara moja. Njia ilimtikisa. Redieta ilichemka nayo, na kila ilipochemka baba alilazimika kupita pembeni mwa gari kwenda kijitoni, na kila alipopita, shemeji alihitaji kuambiwa kwanza. Nilikuwa nikikimbia kulizunguka gari lile kama mbwa anayezunguka zizi.

Isongole tulisimama kununua maji na ndizi. Wanawake wa gulioni walilizunguka gari mara moja, maana halikufanana na kitu chochote walichowahi kukiona. Mmoja, mnene, amefunga kilemba chekundu, aligonga ukuta wa mbao kwa kiganja.

"Huku mbele watu, huku nyuma pazia. Mmebeba nani, mfungwa?"

"Si mfungwa, mama," nilisema.

"Chui?"

Wenzake wakacheka.

"Basi ni maiti," alisema mwingine, na kicheko kikakatika. "Watu hawamfungii hivyo mtu mzima."

Kutoka nyuma ya pazia Tupokigwe akajibu, kwa sauti ya chini lakini kali: "Mimi ni mzima, na nina njaa. Nipe kichane hicho, usichague mbovu."

Wanawake waliruka nyuma, kisha wakacheka mpaka wakashikana. Yule wa kilemba chekundu aliingiza ndizi chini ya pazia na kukataa kulipwa. "Nenda, mwanangu," alisema. "Nilidhani wamekuiba." Hata baba, aliyekuwa ng'ambo ya barabara ametazama ukuta wa duka, kicheko chao kilimtikisa mabega. Kilikuwa kicheko cha mwisho cha safari yetu.

Tope la mtoni

Baada ya Isongole mvua ilikuwa imetangulia. Mto mdogo unaokatiza njia ulikuwa umepanda na kushuka, ukaacha tope jeusi kama masizi ya sufuria. Baba alilipima kwa fimbo, akasema tutapita. Magurudumu ya mbele yalipita. La nyuma la kushoto likazama mpaka springi zile alizoziongezea bamba zikalala juu ya udongo.

Hatukuwa na jeki. Baba alikata mti, akauingiza chini ya chesisi juu ya jiwe, tukaning'inia mimi na yeye kwenye ncha. Gurudumu lilipanda. Lilipanda vizuri kabisa, likabaki hewani linachuruzika tope, na tukabaki tumelishikilia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuweka mawe chini yake. Mmoja wetu akiachia mti, gurudumu linarudi chini. Tulijaribu mpaka viganja vikachubuka.

Mtu wa tatu tulikuwa naye. Alikuwa ameketi juu ya kilima kidogo, mbali, ametupa mgongo, amejifunika kitenge kichwani. Nilimwendea.

"Shemeji, gurudumu linanyanyuka. Hakuna wa kuweka mawe."

"Mwambie baba nitafumba macho," alisema. "Niongoze kwa mkono. Nitaweka mawe kwa kupapasa."

Niliteremka na maneno hayo kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Baba alikuwa amekaa juu ya mti, tope mpaka kwenye nyusi.

"Sitamtia mke wa mwanangu topeni mbele ya macho yangu," alisema.

"Na wewe fumba, baba."

Alinitazama. Sikuona hasira machoni mwake. Niliona hofu. "Asajile, kaka yako amelala huko na pumzi ya kuazima. Leo ndiyo siku ya kuuvunja mwiko huu? Leo? Ukivunjwa unamwendea nani?"

Nilipanda tena kilimani kumweleza shemeji, na kabla sijamaliza alikuwa anatikisa kichwa chini ya kitenge. "Baba amesema kweli," alisema. "Nilisema kwa wazimu. Mwambie anisamehe. Hapana, usimwambie kitu. Tungoje watu."

Tukangoja watu. Mimi nimesoma, nimekaa mjini, na mbele yenu nimewahi kucheka habari za miko. Pale mtoni sikucheka. Nilimwona mzee huyu na mwanamke yule, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, wote wawili wanamlinda mtu mmoja kwa njia pekee waliyokuwa nayo, na nililiona jua likitutoka. Tulikula maharage ya mama yaliyopoa. Baba alikula chini, shemeji juu, nami nilikula nikiwa nimesimama katikati.

Jua lilikuwa limeinama pale alipotokea mzee wa Kinyiha na jozi ya ng'ombe wa kulima. Alitutazama, akahesabu kwa kidole.

"Mko watatu. Mnangoja nini?"

Baba alimweleza. Mzee hakucheka. "Ndiyo," alisema. "Mimi mpaka leo namkimbia mama mkwe wangu, na macho yake hayaoni hata mlango. Juzi nimejificha ghalani kwa ajili yake, nikaumwa na panya." Akafunga ng'ombe wake kwenye gari. Walilitoa mara moja, bila juhudi, kama wanaotoa mwiba. Hakutaka malipo. Aliuliza tu mgonjwa ni nani, na alipoambiwa ni mwana, akavua kofia.

Giza lilitukuta kwake, na taa za gari hazikuwa zinawaka. Alimpa shemeji chumba cha wake zake, na sisi ghala lenye panya. Asubuhi ng'ombe walikuwa wa kwanza kuamka, baba wa pili.

Barabara kuu

Kijijini Mpemba tuliingia barabara kuu, na nikasikia baba akishusha pumzi. Barabara ilikuwa pana, udongo mwekundu uliosagwa na malori. Gari letu lilikimbia kama lilivyokusudiwa kukimbia. Springi hazikulia, turubai halikupepea, na yale matao ya mianzi yaliinama na kunyooka katika kila tuta kama mbavu za mnyama anayepumua. Dereva wa lori lililotupita alipunguza mwendo akapaza sauti: "Mzee, hiyo umeitoa kiwanda gani?" Baba alinyoosha dole gumba kujionyesha kifuani. Niliona uso wake ukiwa na fahari kwa kitambo kifupi, halafu akakumbuka tunakokwenda, na fahari ikazimika.

"Atalala vizuri nyuma," alisema. "Nimepima. Akikunja magoti kidogo, atatosha."

"Kaka hapendi kukunja magoti, baba."

"Atakunja. Mbeya si mbali."

Kengele haikulia hata mara moja kutoka Mpemba. Baadaye shemeji aliniambia kwamba tumbo lilimkata njia nzima, na alikuwa ameuma kitenge ili asiivute kamba.

Ng'ambo ya mpaka

Tunduma palikuwa na watu wengi kuliko nyumba: wachuuzi wa chumvi, vijana wanaokwenda migodini na masanduku mapya, vijana wanaorudi na masanduku mazito na macho mazito. Nyumba aliyolala kaka ilikuwa hatua chache ng'ambo ya mpaka, kwa Mama Mulenga, mjane wa binamu wa mama yangu. Alikuwa Mbemba, mwanamke mkavu mwenye mikono mikubwa, na Kiswahili chake kilipita puani.

"Mulishani, mukwai," alitusalimu kwa Kibemba, akapiga magoti kidogo kwa heshima ya baba. "Afadhali mmefika. Jana alikuwa mbaya. Leo amekunywa uji, amesikia mlio wa gari, ameniuliza kama ni lenyewe."

Amekunywa uji. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, maana sisi tulilishika kama watu wanaozama. Mtu aliyekunywa uji ana muda.

Mlango ulikuwa mmoja, chumba kimoja, kitanda kimoja cha kamba. Baba alikwenda kusimama upande wa barabara, juani. Shemeji alishuka, akaongozwa nyuma ya nyumba, kwenye jiko. Niliingia kwanza mimi, kutazama. Kaka alikuwa amelala miguu ikining'inia nje ya kitanda kama kawaida yake. Kila kitu kingine kwake kilikuwa kimepungua, miguu peke yake ilikuwa na urefu wake.

"Mwandishi," alisema. Ndivyo alivyozoea kunitania. "Umekuja kunichukua niwe hadithi?"

"Tumekuja kukupeleka Mbeya. Baba ametengeneza gari."

"Nimelisikia. Linakohoa kunishinda." Alipumzika. "Wako wapi?"

"Baba yuko mbele, shemeji yuko nyuma. Niseme nani aingie?"

Nilitoka kuwauliza wenyewe. Baba alisema: "Mkewe kwanza. Mimi nimemfaidi tangu anazaliwa." Nilizunguka nyumba. Tupokigwe alikuwa amesimama jikoni, nguo ameinyoosha, uso ameuosha. "Hapana," alisema. "Baba yake kwanza. Nikitangulia mimi nitakaa, sitaweza kutoka, na baba atasimama juani. Yeye akiona atatoka." Nilimrudia baba. Baba alisema hapana, asimame yeye juani, alishazoea jua. Hakuna aliyetaka kumwibia mwenzake dakika. Walipeana dakika hizo kwa adabu, kupitia kwangu, na mimi nilikuwa nazipeleka na kuzirudisha.

Niliingia ndani kwa kaka, nimechoka. "Wanapishana," nilisema. "Kila mmoja anamtaka mwenzake atangulie."

Alitabasamu. Kisha akasema neno ambalo sijalitoa masikioni mpaka leo: "Niletee wote wawili."

Nilipomwambia baba, alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa tena yule mtu wa uani, mtu mwenye nyundo. "Inawezekana," alisema. "Chumba kina upana gani? Mama Mulenga ana jamvi? Tutatundika jamvi katikati, juu ya kitanda. Mkewe akae kichwani, mimi miguuni. Kila mmoja amshike upande wake, na hatutaonana."

Nilipima chumba kwa kamba. Baba alitoa vifaa vyake garini, akaketi nje, akakata ufito kwa kipimo, akaanza kulishonea jamvi kwa uzi wa gunia. Baba hajawahi kufanya kitu nusunusu. Alikunja pindo ili jamvi lisichanike. Alitoboa tundu za kamba, akazipima tena. Alipiga misumari miwili kwenye ncha za ufito ili usiteleze ukutani. Nilisimama karibu naye nikiwa na neno la kumharakisha mdomoni, lakini mikono yake ilikuwa na upendo mwingi kiasi kwamba sikuthubutu kuigusa.

Jikoni, shemeji alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa amekaa kizingitini, tayari.

Mama Mulenga alitoka mlangoni baba akiwa anapiga msumari wa mwisho. Alikuwa ameishika nguo yake mdomoni.

"Acha sasa, mukwai," alisema. "Acha nyundo."

Baba aliendelea kuushika msumari.

"Alisikia mnagonga," alisema. "Akaniuliza, baba anatengeneza nini? Nikamwambia, mahali pa ninyi wote. Akasema, sawa. Nikageuka kuchukua maji. Nimegeuka tu kuchukua maji."

Kurudi

Mbeya hatukuwa tena na kazi nayo. Mama alikuwa nyumbani akimngoja mwanawe, na mwana azikwe kwao. Mama Mulenga alitupatia kitanda kile kile, kaka amefungwa ndani ya blanketi na mkeka, na majirani wakakiinua kukiingiza nyuma ya gari.

Hakikuingia. Kilikuwa kirefu. Mlango wa nyuma haukufungika, na katika milima ya Itumba mlango wazi ungemmwaga njiani. Walijaribu kumlaza upande, wakajaribu kumpinda. Baba alitazama wanaume wageni wakijaribu kuyakunja magoti ya mwanawe.

"Mwacheni," alisema. "Amejikunja maisha yake yote."

Akachukua spana na bisibisi. Aliingia mbele, akaanza kuubomoa ukuta wake. Nta ya nyuki ilikatika ikidondoka vipandevipande kitini. Mbao za mninga zilitoka moja moja, na skrubu akazitia katika kopo la siagi, kila moja, kwa mpangilio. Shemeji alikuwa jikoni hakuona. Alipoletwa, amefunikwa uso, akapandishwa nyuma, ukuta haukuwepo. Kitanda kilikuwa kimepita katikati ya gari lote: miguu ya kaka ilifika mbele, mahali nilipokuwa nikikaa mimi, karibu na mkono wa baba. Kichwa kilikuwa nyuma, magotini kwa mkewe. Mimi nilikaa chini, sakafuni.

Hivyo ndivyo alivyowapata wote wawili.

Tulipita Mpemba. Tulipita mto, umekauka kana kwamba haukuwahi kumzuia mtu. Isongole yule mwanamke wa kilemba chekundu alikuja mbio na ndizi, akafunua pazia akicheka, akaona. Aliziweka ndizi chini barabarani, akakaa kando yazo. Hakuna aliyeuliza tena tumebeba nini.

Kamba bado ilikuwa imefungwa, na kengele bado ilining'inia. Gari liliporuka jiwe, kengele ililia yenyewe. Baba alisimamisha gari, akashuka, akatembea mpaka akapita kona, akatupa mgongo, akangoja. Hakuna aliyekuwa ameivuta. Nilimfuata kumwambia. Mbele kidogo ikalia tena, akashuka tena, akaenda tena. Ukuta haukuwepo, kioo hakikuwepo, shemeji alikuwa amefunikwa uso na ameugeuzia nyuma, na baba aliendelea kumpa nafasi yake katika kila jiwe la njia ile. Kila mara alipozungusha hendeli, mikono ilikuwa dhaifu zaidi.

Kwenye mpando wa mwisho, moshi wa nyumba za kwetu ukionekana, kengele ililia kwa nguvu. Safari hii nilikuwa nimeitazama kamba. Mkono wa Tupokigwe uliivuta, na mdomo wake ukafunguka, akalia. Alilia kwa sauti kamili, sauti ambayo mkwe hairuhusu imfikie baba mkwe, ikaujaza ule mwili wa mianzi na turubai.

Baba alisimamisha gari. Nilingoja ashuke. Hakushuka. Alibaki ameshika usukani, macho mbele, mkono mmoja umelala juu ya miguu ya mwanawe, akamsikiliza mpaka akamaliza. Ndipo akashuka kuzungusha hendeli.

Mlitaka kujua kwa nini gari bado halina mgongo. Mbao ziko uani, zimeegemea jiko, na mama huzifunika mvua ikinyesha. Mtu akimuuliza baba atazirudisha lini, hujibu kwamba angali anatafuta skrubu. Kopo la siagi liko juu ya rafu, mbele ya macho yake. Mimi nikienda nyumbani namsaidia kuzitafuta.